Yeye

Kwanza tulifundishana sisi kwa sisi.
Chumba kimoja pale Chang'ombe, feni mbili, moja mbovu,
watu wazima ishirini tukijifanya kidato cha kwanza:
Kihwelo, mwenye ndevu na mke,
ananyoosha kidole kuomba kwenda kujisaidia.
Tulicheka. Tulipeana alama nzuri.
Kiingereza chetu kilikuwa kimepigwa pasi,
wala hakuna aliyetuambia kitajikunja.

Kisha nikapangiwa shule, Yombo, ng'ambo ya reli.
Mkondo B, wanafunzi themanini na wanane,
dawati la wawili wanakaa wanne.
Andalio la somo nililiandika mpaka saa saba usiku
kwa tochi ya simu, umeme umekwenda zake:
malengo, zana, hatua,
dakika tano za hili, dakika kumi za lile,
na safu ya mwisho, Tathmini, nikaiacha wazi
kama sahani ya mgeni ambaye hajasema atakuja.

Wakasimama wote. "Gudi moningi, madamu!"
Bati likaitikia.
Ilikuwa saa nane mchana.

Nikapiga mstari katikati ya ubao.
Kulia, neno lake mwanamume. Kushoto, neno lake mwanamke.
Kiingereza, nikawaambia kwa Kiingereza, hakina yeye;
kila mtu lazima asimame upande wake.
Nyuso themanini na nane zikautazama ule mstari
kama mpaka wa kiwanja uliowekwa usiku.

Andikeni habari za mtu mmoja wa nyumbani.

Pazi, wa dawati la mwisho, hajawahi kufungua kinywa darasani.
Aliandika mama yake, nusu ukurasa,
na kila mahali akamweka upande wa kulia.
Kalamu nyekundu. Mara kumi na moja.
Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa
kama mgongo wa mtu aliyelala bila chandarua.

Mkufunzi wangu, Bi Nsajigwa, alikaa nyuma na fomu yake.
Baadaye, penye bomba, aliniambia:
"Umesema dakika thelathini na tatu. Wao saba.
Katika saba hizo, tano ni *yesi madamu*."
Akaosha chaki ambayo hakuishika.
"Yule kijana wa nyuma. Kaandika nini kuhusu mama yake?"

Makosa kumi na moja, nikasema.

Akanitazama tu.

Usiku nikalifungua tena daftari.
Mama anaamka saa kumi, anakaanga vitumbua.
Sarafu anazihesabu kwa kidole gumba, anapapasa kingo,
maana macho yameanza kumwacha
na hataki wateja wajue.
Noti humpa Pazi amsomee, kimyakimya,
wakijifanya wanaongea habari za mafuta.
Yote hayo yalikuwa mle,
kwa Kiingereza kinachochechemea,
na yalikuwa yamefika. Mimi ndiye sikuwa nyumbani.

Wiki hii zamu ni yangu.
Ofisini, kwenye msumari, kinaning'inia kibao chenye kamba,
cha kumvika atakayekamatwa akisema Kiswahili.
Nimekabidhiwa na kukisainia, pamoja na kengele.

Leo, wenzake walipotoka, nikamzuia mlangoni.
Nikamuuliza, kwa lugha ya mama yangu na ya mama yake,
macho yanaendeleaje.
Kwanza alitazama mikono yangu, kama nimeshika kibao.
Halafu akanijibu kwa Kiingereza,
taratibu, kama avukaye maji asiyoyajua kina,
kwamba hajambo,
akamwita kwa neno la kulia,
akashtuka,
akamhamishia kushoto,
akanitazama aone kama nimeridhika.

Safu ya Tathmini.
Nimeandika: wanafunzi wameelewa somo.
Nimefuta.
Nimeandika: mwanafunzi mmoja.
Nimefuta hilo nalo; karatasi sasa imetoboka,
na kesho saa mbili, kwa mujibu wa andalio,
nifundishe wakati uliopita.